Mguu wa Fundi Cherehani Kwenye Breki

Nyumbani, chumba cha kushonea
Jumapili, tarehe 9 Juni, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote waliomo humu ndani. Hali yako vipi? Kile kifua kilichokuwa kinakusumbua wakati wa baridi kimetulia? Wifi yangu hajambo? Wanao wanaendeleaje na shule, na yule mdogo ameota meno ya mbele au bado anacheka kwa ufizi? Nijibu hayo kwanza, usirukie mambo ya chini kama kawaida yako.

Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, na mguu wake unamtii siku tano kati ya saba. Shemeji yako bado yuko kwenye dirisha lake la posta, anagonga mihuri. Mpwa wako ana mtihani mwezi ujao, ingawa kwa jinsi anavyojitazama kwenye kioo ungedhani mtihani wenyewe ni wa nywele.

Najua umenipigia simu wiki tatu na sikupokea. Nisamehe. Sisi wawili tukizungumza kwa simu kila mmoja anamkata mwenzake maneno, mwisho tunabaki kupigiana kelele na mama yuko chumba cha pili anasikia. Barua haikatizwi. Kwa hiyo vuta kiti, nikusimulie tangu mwanzo, maana habari uliyopewa na binamu yetu Redio ina ukweli ndani yake, ila imetiwa chumvi mpaka hailiki. Hilo jina la Redio hakupewa bure.

Unakumbuka mama alivyoteleza bafuni akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali tukaambiwa apelekwe kliniki ya mazoezi ya viungo mara tatu kwa wiki, la sivyo mguu utakakamaa. Basi la abiria hawezi kulipanda. Teksi nazo, ziko zinazokuja na ziko zinazoahidi. Wiki ya pili tu alikosa siku mbili. Hapo ndipo uliposema kwako kliniki iko mtaa wa pili, na kwamba mwisho wa Juni utakuja kumchukua akakae nanyi.

Wewe uliliona jambo jepesi. Mimi lilinichoma. Tangu marehemu baba atutoke ni miaka ishirini na miwili mama na mimi tuko chini ya paa moja, kiti chake kiko ubavuni mwa cherehani yangu, na yeye ndiye aliyenifundisha kushika mkasi. Nikajiambia, kama tatizo ni usafiri, basi usafiri utapatikana. Nikauza ile cherehani ya kudarizi, nikanunua gari. Miaka arobaini na tisa ninayo, na kabla ya hapo sijawahi kuendesha hata baiskeli.

Ni gari dogo, jeupe, la milango minne, limeshatumika lakini halijachoka. Siku lilipoletwa nililizunguka kama mteja mpya, kisha nikachukua futi nikalipima. Usicheke. Nilianza kifua, nikaenda kiuno, nikamaliza na urefu, nikaandika kwenye daftari la wateja. Baadaye nikapima geti. Kumbe geti letu linalizidi gari kwa shibiri moja tu kila upande, na shemeji yako alikuwa ameshaapa kwamba hata lori lingepita.

Mdogo wangu, wewe una gari miaka yote hii na hujawahi kunisimulia maajabu yake. Kile kioo cha pembeni, kwa nini kinasema lori liko mbali wakati liko begani kwangu? Ile sauti ya tik-tik ukiwasha indiketa inatoka wapi hasa, na nani aliamua kwamba taa iwe na sauti? Kwa nini honi ya gari dogo inalia kama mtu anayeomba radhi? Fundi wangu wa gereji ni mwanamke mpana, mcheshi, miwani yake imefungwa kwa kamba shingoni. Siku ya kwanza nilimshikilia saa nzima kwa maswali. Akaniambia, "Dada, wenye magari wote huniuliza lini litakuwa tayari. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza kwa nini." Sasa ni rafiki yangu, nimemshonea ovaroli yenye mifuko saba.

Jingine. Kwenye mfuko wa nyuma ya kiti nilikuta soksi moja ya mtoto na karatasi iliyochorwa ramani kwa mkono, barabara mbili, duka, mti, na mshale unaoonyesha nyumba. Mwenye gari wa kwanza alikuwa anakwenda kwa nani? Alifika? Mpwa wako anasema nitupe takataka za watu, lakini sijatupa.

Sasa nije kwenye lile lililokuudhi.

Kufundishwa nilifundishwa na mzee mmoja tuliyemwita Mwalimu Taratibu. Gari lake la shule lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja upande wake mwenyewe, na yeye ni mwoga kuliko sisi wote. Hilo silisemi kwa ubaya, ndio mwanzo wa mkasa. Wewe umekua ukiniona kwenye cherehani. Ukitaka sindano iende, unakanyaga. Ukitaka isimame, unainua mguu, basi. Huo mguu wangu una miaka thelathini kwenye kazi hiyo. Kumbe miezi miwili yote ya mafunzo, kila nikitaka kusimama nilikuwa nainua mguu na kutulia zangu, na Mwalimu Taratibu kwa woga wake ndiye aliyekuwa anakanyaga. Mimi nikajiona nasimamisha gari kwa ustadi wa ajabu. Siku ya mtihani nilikanyaga breki kwa sababu nilikanyaga kila kitu, nikapewa leseni.

Basi siku ya kwanza kumpeleka mama kliniki, tulifika salama. Njiani kila kusimama nilikuwa nimekaza macho kwenye taa na kukumbuka breki. Tulipoingia uwanjani nikaona kazi imekwisha, moyo ukatulia, na mguu nao ukarudi kwenye mazoea. Nikauinua. Gari la otomatiki, mdogo wangu, ukiliinulia mguu halisimami. Linatambaa. Nami nikakaa pale, mikono kwenye usukani, nangoja lisimame kama inavyosimama cherehani, na lenyewe linakwenda polepole bila haraka, likapanda bustani ya maua, likaanza kusukuma viti vya plastiki vya wagonjwa wanaongoja zamu.

Hakuna aliyeumia. Narudia, kwa sababu najua Redio alisemaje. Viti viwili vilivunjika na maua yalilala. Ila wagonjwa wote wenye magongo walisimama siku ile, na wengine walikimbia, na yule dada wa kliniki anayemfanyisha mama mazoezi anasema hajawahi kupata maendeleo kama yale kwa siku moja. Mlinzi alikuja anapiga kelele, "Mama, tunatibu waliopo, usituletee wapya!" Gari lilisimama lilipogusa ukuta.

Mama aliniangalia mguu, akauliza, "Umefika mwisho wa pindo?" Kisha akasema, "Hilo halina uzi, mwanangu. Lina breki."

Redio alikuwa pale amekuja kutazamwa goti. Kabla sijashuka garini alikuwa ameshakupigia. Na jioni ile ukanipigia mimi, ukasema unamchukua mama haraka kabla sijamzika. Ulisema hivyo, kwa maneno hayo. Nikakata simu, na tangu hapo sikupokea tena. Neno lile liliniuma siku nyingi, hasa kwa sababu lilikuwa karibu na ukweli.

Siku tatu sikuligusa gari. Ya nne nikaenda gereji kumwambia fundi anitafutie mnunuzi. Akanisikiliza, kisha akaniuliza kama nashona na viatu. Nikamwambia nani anashona na viatu, nashona peku, miguu mitupu. Akaniuliza, na gari unaendesha na nini? Nikakiri kwamba nilikuwa naendesha peku pia, naona raha. Akacheka mpaka miwani ikadondoka. "Basi mguu wako unadhani uko kazini. Uvalishe, ujue umetoka nyumbani."

Nikanunua viatu vya soli ngumu, vya gari tu, havikanyagi hata sebuleni. Mpwa wako akachukua chaki yangu ya vitambaa akachora mistari uani, mmoja baada ya mwingine, nami ikawa kazi yangu kusogea mpaka kwenye mstari na kukanyaga. Nilifanya hivyo mara nyingi hadi majirani wakaacha kuchungulia. Shemeji yako alijitolea kuwa abiria, akakaa nyuma, anasema mbele ni kwa mashujaa. Tulipoanza kuingia barabarani akawa ananisomea vibao vyote kwa sauti ya posta, hata vya matangazo ya rangi za nyumba.

Sasa natembea, ila natembea pole. Nyuma yangu yanajipanga magari saba, nane, yote yanapiga honi, na watu wanatoka madukani kutazama msafara. Ndio mtaa ukalipa gari jina: Bi Harusi. Mtoto wa jirani ananiuliza kila siku, bwana harusi yuko wapi. Namjibu amekaa nyuma anasoma vibao.

Lakini yote hayo si sababu ya barua hii.

Siku ya kurudi kliniki nilidhani mama atakataa kupanda. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumbembeleza. Nikatoka chumbani nikamkuta yuko mlangoni na gongo lake na mkoba, anasema, "Twende, tutachelewa." Akapanda, akafunga mkanda. Sikuuliza kitu, nilikuwa naogopa akifikiri sana atashuka.

Na humo ndani ya gari akaanza kuzungumza.

Unamjua mama. Nyumbani ukimuuliza jambo atakujibu kwa "mh" au kwa kukuomba umpitishie kitu. Nimekaa naye ubavu kwa ubavu miaka yote hiyo, na mengi aliyoniambia ni ya vitambaa. Lakini garini, tukishapita soko tu, maneno yanatoka. Alinisimulia kwamba alipokuwa msichana aliwahi kukimbia shule siku mbili kwenda kutazama daraja likijengwa. Alinisimulia baba alivyomposa na kukataliwa mara ya kwanza kwa sababu ya suruali. Unalijua hilo? Mimi sikulijua. Nikaanza kuchunguza kisa ni nini. Nikajaribu kuzima redio, nikajaribu kuiwasha, haikuwa redio. Nikajaribu kumuuliza nyumbani yaleyale, akasema "mh." Mwisho nimeona hivi: garini hatutazamani. Wote tunatazama mbele, na mimi siwezi kugeuza shingo hata nikitaka. Labda kuna mambo mtu hayasemi akiwa anatazamwa usoni. Wewe unaonaje? Nilianza kupita njia ndefu, nikimdanganya kwamba ile fupi inatengenezwa.

Kwenye mzunguko mkubwa, kabla ya kliniki, kuna barabara inatoka kulia kwenda mbali. Kila tukifika hapo mama alikuwa anauliza, "Hii inakwenda wapi?" Nami kila siku namjibu inakwenda barabara kuu. Siku tatu, nne, swali lilelile. Nikaanza kuogopa kwamba anasahau. Jumatano iliyopita nikamwambia, "Mama, mbona hilo umeshaniuliza?"

Akasema, "Najua inakokwenda. Ndiyo aliyoondokea mdogo wako. Nauliza nione kama utakata kulia."

Nikakanyaga breki, nikawasha indiketa, nikasimama pembeni vizuri kabisa, Mwalimu Taratibu angejivunia. Kisha nikamuuliza, bado natazama mbele, kama anataka kuja kwako. Akasema anataka. Anataka kuona mlango unaoingilia. Anataka kuona wajukuu wake wanakula nini na wanalala wapi, maana miaka sita anawaona kwenye simu, vichwa tupu, hajui hata urefu wao. Nikamuuliza kwa nini hakusema muda wote huo.

"Hamkuniuliza. Mligombana ninyi. Nikisema nataka kwenda, wewe utadhani nimechoka mkono wako. Nikisema sitaki, yeye atadhani simtaki. Nikaona bora nile zangu ninyamaze."

Nililia, mdogo wangu. Sikufichi. Nililia kwa wivu kwanza, kwa sababu niliuza cherehani na kujifunza uzeeni ili asiondoke, na yeye anahesabu barabara ya kuondokea. Kisha nililia kwa aibu. Mimi na wewe tumemvutana kama kitambaa, wewe upindo huu na mimi upindo ule, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe anataka ashonwe nini. Mama aliningoja. Nilipokuwa nimejifuta akasema, "Sasa hiyo tik-tik yako utaizima lini?"

Jana nimemuuliza tena, garini, ili niwe na hakika. Anataka kuja kwako, na anataka kurudi kwangu. Nilimuuliza atakaa muda gani, akasema mpaka amalize kuwaona. Sikumbana zaidi. Yule dada wa mazoezi amekubali, ataandika barua ya kukabidhi kwa kliniki yenu.

Kwa hiyo usije kumchukua. Namleta mwenyewe. Tutatoka Alhamisi tarehe 27, asubuhi. Basi linatumia siku mbili, Bi Harusi atatumia nne, kwa hiyo mtutazamie Jumapili tarehe 30 kuelekea saa tisa alasiri. Fundi wa gereji atalikagua gari lote na kunifundisha kubadilisha tairi. Mpwa wako ana mtihani na shemeji yako ana mihuri, tutakuwa mama na mimi peke yetu. Siku nne nzima bila kutazamana! Sijui atanisimulia nini, na nakwambia kweli, hamu hiyo imezidi hofu ya malori.

Mkiwa naye, msimvute mkono kumwinua, mpeni bega ashike mwenyewe. Bafuni weka mkeka wa mpira kabla hatujafika, nitaukagua. Asubuhi usimsemeshe mpaka amalize chai. Na ukitaka akwambie jambo, usimkalie mbele ukamkodolea macho. Kaa ubavuni pake, tafuta kitu cha kutazama wote wawili, hata kama ni ukuta, kisha subiri.

Nitalala kwako siku mbili, halafu nitageuza gari. Hapo sitakuficha pia. Juzi nilimwacha mama kliniki nikaenda peke yangu duka la vitambaa, njia ya dakika kumi, nikajikuta nazungumza na kiti kitupu, namwonyesha daraja. Kama dakika kumi ziko hivyo, hizo siku nne za kurudi nitazipitaje? Lakini gari nililinunua mama afike anakotakiwa kufika. Nilidhani ni kliniki.

Mama amekaa hapa ananiona naandika. Nimemuuliza nikuandikie nini kutoka kwake. Amesema, "Mwambie ninakuja," kisha ameniomba nimpitishie mkasi.

Msalimie sana wifi yangu, mwambie asihangaike kupika mambo makubwa. Wabusu wanao, na umwambie mkubwa kwamba shangazi yake atampeleka kuzunguka mtaa kwa mwendo wa harusi. Shemeji yako na mpwa wako wanakusalimu. Redio naye ukizungumza naye msalimie, na hili la safari usimwambie mpaka tufike.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe afya ya kifua na moyo wa subira, na atufungulie njia.

Nami ni dada yako, akupendaye hata akikukatia simu,

Fundi